Sanduku la Makufuli Mawili

14 Machi

Mdogo wangu,

Nilifika salama. Mimi mzima, miguu tu imevimba kwa kukaa garini. Mwambie wifi kile kitambaa alichonifungia mkate nimekifua na kukipiga pasi, nitamrudishia. Binti yako mwambie shangazi anamsalimu.

Salamu zimeisha. Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, nawe utasema mimi ndiye ninayekukatiza, na tutabaki hapo hapo. Karatasi haikatizwi.

Jana nilikwenda kwa karani wa mfuko wa pensheni kumwambia nimeshachagua mfuko mpya. Hali unaijua: hospitali imeipa kampuni kazi ya kufua, sisi wa chumba cha kufulia tumekabidhiwa huko pamoja na mashine, na akiba zetu za uzeeni lazima zihame. Akaniuliza, "Hundi yako iko wapi, mama?" Nikamwambia iko mahali salama. Akashika kichwa.

Kumbe kuna njia mbili. Mfuko ukiupelekea mfuko mwenzake moja kwa moja, hakuna anayekugusa. Lakini ukiomba hundi kwa jina lako, ukaishika kwa mkono wako, unapewa siku sitini uwe umeiingiza kwenye mfuko mwingine wa uzeeni. Zikipita, wanahesabu kwamba umeila. Wanakata kodi, halafu wanakata na faini juu yake kwa sababu hujafikisha umri wa kustaafu. Nimefua mashuka ya wagonjwa tangu ukiwa shule ya msingi, na karibu nusu ya jasho hilo itakwenda hivi hivi. Nikamwuliza kama wanaweza kuifuta hundi hiyo waandike nyingine. Akasema siku zilianza kuhesabiwa nilipotia saini ya kupokea, na hazirudi nyuma. Mwisho ni tarehe thelathini Aprili.

Na nani aliyeniambia niichukue mkononi? Ulisema, "Akiba ya baba ilihamishwa hatuioni, akaambiwa iko njiani mpaka anaingia kaburini. Wewe ichukue, Dada, uione kwa macho." Nikakubali, maana na mimi nilimsindikiza baba kwenye yale madirisha, nikamwona akikunja karatasi zake na kuzikunjua. Basi nikaileta, tukaifungia kwenye sanduku, kila mmoja akageuza ufunguo wake.

Sasa naitaka. Lakini kwenye nyumba ile sirudi mpaka mpangaji wako atoke chumbani kwa mama. Tulipomaliza kufunga ndipo nikakuta kitanda cha mama kimeegemezwa ukutani koridoni, mlango una kitasa kipya, nawe unanijibu "nimepangisha" huku unatazama sakafu. Hukuniuliza. Ndiyo maana niliondoka chakula kikiwa bado jikoni, na ningeondoka tena.

Tafuta njia.

Dada yako


22 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Wifi yako anasema kitambaa ukae nacho. Binti ameng'oka jino la mbele na anauliza kwa nini shangazi aliondoka bila kuaga. Nimemwambia shangazi yake ana moto chini ya viatu.

Unasema nitafute njia. Sanduku halisafiri, Dada. Wewe mwenyewe ulisimama pale saruji ikimwagwa, ukamwambia mwashi miguu ya sanduku izame mpaka magotini. Na makufuli mawili ni wazo lako vilevile. Siku tuliyomzika baba ulisema, "Tusije tukaambiana mmoja kala." La kwangu nikalitengeneza kwa mikono yangu. La kwako ukalinunua mji wa mbali, ili mimi fundi makufuli nisijue tumbo lake lilivyo.

Nalijua. Nililijua siku ile ile ulipolitoa kwenye karatasi. Kulifungua bila ufunguo wako ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Lakini sijaligusa, na sitaligusa. Fundi anayefungua kufuli la mtu bila kuambiwa na mwenyewe si fundi tena, ni mwizi mwenye vifaa. Niandikie neno moja tu, "fungua", na hundi yako itaondoka hapa siku hiyo hiyo. Au tuma ufunguo. Au njoo. Mambo matatu hayo, chagua.

Habari ya mpangaji iache. Analipa, hana kelele, na hatoki.

Mdogo wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo. Huku joto la chumba cha kufulia limezidi, feni moja imekufa na kampuni inasema itaangalia. Jino la binti lihifadhiwe, nitataka kuliona.

Neno lako hilo silisemi. Siku nitakayoliandika, kufuli langu limekuwa pambo, na wewe ndiye utakayekuwa umeshika kila kitu: hundi yangu, hati ya nyumba, na kitambulisho cha kazi cha baba. Ufunguo nao siutumi, kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayepangisha chumba cha mama bila kuniuliza kesho atapangisha paa.

Kuja ningekuja, nikakaa nje, mkaniletea kiti uani. Niliomba siku mbili. Msimamizi wa kampuni akaniambia niko kwenye miezi ya majaribio, na aliye kwenye majaribio hana likizo. Majaribio! Mimi niliyeijua mashine ile kabla yeye hajaota meno! Wameondoa hata kinga ya rola ya kunyooshea mashuka, kile chuma kinachozuia vidole, ili mashuka yapite haraka. Nimesema, wakaniambia mama, dunia inakimbia. Ikimbie, ila vidole ni vyetu.

Jambo moja linanisumbua. Mwenzangu wa kukunja mashuka ana ndugu anayeishi huko. Nilimwomba apite kibandani kwako sokoni akuambie kwa mdomo, labda utasikia. Amerudisha jibu kwamba pale kuna kijana anauza vioo vya simu. Nimemwambia amekosea njia. Na wewe siku nilipokuja ilikuwa siku ya kazi, saa za kazi, ukawa nyumbani na kandambili. Sikuuliza wakati ule kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninayo, lakini sasa nauliza.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Tuko wazima.

Nani amekutuma unichunguze? Unamtuma mtu nisiyemjua atembee sokoni akiulizia habari zangu kama vile nimetoroka na mali ya watu? Kama una swali, mdomo ninao na anwani unayo. Kibanda changu kisikuumize kichwa. Mimi sikuulizi unavaa viatu gani kazini.

Unasema nitapangisha paa. Nimekaa na mama miaka yake ya mwisho, nikimgeuza upande huu na huu, wewe ukituma barua na sabuni. Sisemi ilikuwa kidogo. Nasema usiniambie mimi habari ya chumba cha mama.

Kalenda ninayo ukutani. Kila asubuhi naiona. Sanduku nalo naliona, kwa sababu wifi yako ameweka ndoo ya maji juu yake. Karatasi yako imelala humo, na kati yake na mimi kuna kipande cha chuma cha dukani ninachoweza kukifungua nimefumba macho. Unajua hasira inayonipata? Usiku nasikia kama linanicheka. Andika neno hilo, Dada. Herufi chache tu.

Mdogo wako


17 Aprili

Kwa ndugu yangu,

Natumaini barua hii itawakuta wote salama. Mimi si mbaya.

Nimefikiri sana. Kwa kuwa wewe hutaki kufungua bila neno langu, na mimi sitaki kukupa neno, ita fundi mwingine wa makufuli. Afungue kufuli langu mbele ya wifi, wifi atoe hundi peke yake, kisha fundi huyo afunge tena. Wewe ukae nje. Hundi itumwe kwa njia ya haraka kwenye ofisi ya mfuko mpya. Anwani imeandikwa nyuma ya karatasi hii.

Tafadhali fanya hima.

Dada yako


23 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wifi yako amesoma barua yako akatoka kwenda kwa jirani, kwa sababu aliona uso wangu. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Fundi mwingine! Aingie nyumbani kwangu na begi lake, apite mbele yangu, mimi nimekaa uani kama mtoto aliyevunja sahani, apige magoti kwenye sakafu niliyoifagia na afungue kufuli mbele ya mke wangu! Kisha akanywe chai mjini awahadithie wenzake kwamba fundi fulani haaminiwi na dada yake wa tumbo moja. Umekaa ukalifikiria hilo, Dada, au lilikujia tu ukiwa unakunja shuka? Katika matusi yote uliyowahi kunitukana, na ni mengi, hili limeshika namba moja.

Na ni nani anayeandika? Usinifanye mtoto. Mwandiko huo si wako. Wako unalala upande mmoja na nukta unazikandamiza mpaka karatasi inatoboka. Huu ni wa mtu aliyesoma shule nzuri. "Natumaini barua hii itawakuta wote salama"! Lini wewe ukatumaini namna hiyo? Umekwenda kumwagia mtu wa nje mambo ya sanduku letu, mambo ambayo hata wajomba hawayajui.

Basi na mimi nimwagie yangu, asome na huyo mwandishi wako.

Hakuna mpangaji. Mpangaji ni mimi. Kibanda kiliondoka mwaka jana. Siku hizi kufuli likikwama watu wanatupa, wananunua jipya, na mwenye kibanda alipopandisha pango nilishindwa. Mtu wako hakukosea njia. Vioo vya simu viko pale pale nilipokuwa nimening'iniza funguo zangu. Meza nimeihamishia chumbani kwa mama kwa sababu dirisha lake ndilo lenye mwanga wa kutosha kuona tumbo la kufuli. Kitasa kipya ni ili binti asichezee tindo na asidi. Nilikwambia nimepangisha kwa sababu mwenye nyumba ya kupangisha ni mtu, na fundi asiye na kibanda ni nani?

Haya, umesikia. Furahi. Sasa sema lako: kwa nini huandiki mwenyewe?

Mdogo wako


27 Aprili

Mdogo wangu,

Anayeandika ni mwenzangu wa kukunja mashuka. Anakusalimu, na anasema nikutukane polepole kwa sababu wino unakaribia kuisha.

Mkono wangu wa kulia uliingia kwenye rola. Ilikuwa tarehe kumi na tano, shuka lilijikunja, nikalinyoosha kama nilivyolinyoosha siku zote, na kinga haikuwepo. Nimeungua kiganja na vidole vitatu. Nilivaa glavu nikaendelea na kazi, mpaka kidonda kikaoza chini ya glavu na homa ikanilaza. Sasa niko wodini. Nimelala kwenye shuka nililolifua mwenyewe, na halikunyooshwa vizuri.

Kampuni nimeiambia nilimwagikiwa na maji ya chai nyumbani. Nikisema ni rola, na niko kwenye majaribio, wataniambia asante mama, kwaheri. Wewe usimwambie mtu.

Kuhusu chumba cha mama. Nilipokuwa na hasira ya mpangaji, hasira ile ilikuwa na mahali pa kukaa. Sasa umeniharibia hata hiyo. Ungeniambia ni meza yako ya kazi, ningeushika upande mmoja tukaibeba pamoja. Mwezi mzima na nusu, mwanamume mzima, unamtetea mpangaji ambaye hayupo! Analipa, hana kelele! Mwenzangu hapa amecheka mpaka kalamu imeanguka. Mimi sikucheka. Nina hasira kuliko nilivyokuwa Machi, na siwezi hata kukunja ngumi.

Andika, mwenzangu, na uandike kwa herufi kubwa.

FUNGUA.

Nimesema. Sikupigii simu: uliomba neno la maandishi, nakupa la maandishi. Kufuli ni langu na nimekuruhusu. Usilivunje, nililinunua kwa bei ghali.

Dada yako


4 Mei

Dada,

Shikamoo. Wifi yako analia tangu asubuhi, binti ametoa jino lake ili nikuletee. Barua yako ya tarehe ishirini na saba imefika leo. Leo, Dada. Nimemwuliza mtu wa posta ilikuwa wapi, akainua mabega. Nusura nipigane naye.

Nimefungua. Sitakwambia nimetumia muda gani, usije ukaona aibu kwa niaba ya duka lile. Halina hata mkwaruzo. Nimetoa hundi peke yake, mengine yako kama tulivyoyaacha, na kufuli lako nimelirudishia mahali pake.

Tarehe thelathini imeshapita, najua. Nimejua tangu nilipoiona tarehe ya juu ya barua yako. Hundi hii siipeleki posta. Napanda basi nayo, naiweka ndani ya shati. Na barua hii nakuletea mwenyewe mkononi, uisome mimi nikiwa nimekaa kimya kitandani kwako, kwa sababu nikifungua mdomo utanikatiza.

Nina hasira na wewe. Uliungua siku mbili kabla ya ile barua ya "mimi si mbaya". Ukanitaka niite fundi mwingine huku mkono wako unaoza! Kama ungeandika "mkono wangu umeungua", ningefungua kufuli lile, na sanduku, na sakafu yenyewe, bila kungoja neno lolote. Na mimi mwenyewe nina hasira na mimi, lakini hiyo haikuhusu, nitaimaliza huko huko kwangu.

Ukimaliza kusoma, usiseme kitu. Nipe maji ya kunywa tu, safari ni ndefu.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Sisi huku tu wazima, yaani mimi na mkono. Unaona mwandiko ulivyo. Kidole kimoja hakikunjiki tena, kwa hiyo herufi zinakwenda zinakotaka. Lakini ni mwandiko wangu, na nukta zimetoboa karatasi. Jino la binti nimelifunga kwenye kile kitambaa cha wifi.

Uliondoka umenuna, na mimi nilikuacha uondoke umenuna, kwa sababu uliniambia mbele ya muuguzi kwamba nina kichwa kigumu tangu utotoni. Sijasahau. Sikukueleza kilichofuata, sasa nakueleza.

Nilikwenda kwa karani na hundi yako ya ndani ya shati, imekunjamana kwa jasho. Akasema siku zimepita. Nikabaki nimesimama, nikajiona ni baba kwenye dirisha lile. Karatasi zilikuwa mkononi, nikajikuta nazikunja. Karani akatazama bandeji yangu, akaniuliza ni nini. Nikaanza habari ya maji ya chai. Akanikatiza, akasema, "Mama, kanuni inamsamehe aliyechelewa kwa sababu ya ugonjwa au ajali, ila lazima aandike mwenyewe kilichotokea, kama kilivyotokea, aambatishe cheti cha daktari. Uongo ukionekana, msamaha hakuna." Na daktari alikuwa ameshaandika "rola". Alama za rola si alama za birika.

Nilikaa kwenye benchi lao mpaka mfagiaji akanifagilia miguuni. Kisha nikaandika kwa mkono wa kushoto. Nikaandika kinga iliondolewa, na nani aliiondoa, na kwamba nilikuwa nimesema.

Karani akasoma, akaniuliza, "Na zile siku zote kabla hujaungua, kwa nini hukuileta?" Nikamwambia siku hizo nilikuwa nagombana na mdogo wangu. Akaipitia fomu yake juu mpaka chini, akaniambia hapana mahali pa kuandika hilo.

Wamekubali. Akiba yote imeingia kwenye mfuko mpya, haikukatwa kitu, na karatasi ya uthibitisho nimeiona kwa macho, ukitaka kujua. Karani amenionya kwamba nikihama tena nisishike hundi, njia hiyo ni mara moja kwa mwaka. Nimemwambia mimi mara moja kwa maisha imenitosha.

Kampuni nayo imeniita. Majaribio yameisha na hawaendelei na mimi. Kama ni kwa sababu ya kidole kisichokunjika, au kwa sababu ya nilichoandika, hawakusema. Msimamizi alinipa mkono wa kuagana, akashika ule mbaya. Nilimwacha aushike, nikamwambia ukiirudisha ile kinga leo utakuwa umechelewa kwa mtu mmoja tu. Akatazama sakafu kama ulivyotazama wewe. Mwenzangu ananiambia kinga imerudishwa juzi. Kwangu mimi haikusaidia kitu, na hasira yake sijui nimpe nani.

Basi nitaigawa. Nyingine nakuja nayo huko, maana sijakusamehe na sitaki unipokee kwa kuchekacheka. Ufunguo wangu nimeufunga shingoni.

Meza yako iache pale pale dirishani, usiiguse. Kitanda cha mama kitoe koridoni, ukilaze humo humo chumbani kwake upande wa mlango, na kitasa kile kipya unichongee ufunguo. Mpangaji wa kweli anafika Jumapili. Huyu ana kelele, na pango halipi.

Dada yako